Kiapo cha Majirani

Temeke ya wakati wa Mwingereza, mtoto hakuwa na mama mmoja. Alikuwa nao wengi, na kila mmoja wao alikuwa na kitu jikoni. Ukimtuma mwanao dukani kwa Masoud kununua kiberiti, alirudi na kiberiti mkononi na peremende mdomoni, kwa sababu Masoud hakujua kumuuzia mtoto bila kumpa nyongeza. Ukimtuma kwa Bi Zubeida, mama yake Masoud, akaazime ungo, alirudi na ungo na kaimati ndani yake. Mtoto kuondoka mlangoni mikono mitupu ilikuwa aibu ya mwenye mlango. Ni desturi nzuri na kila mtu huisifu. Hata mimi niliisifu, mpaka nilipoyajua yaliyompata Jovina.

Jovina alikuwa binti wa Theonest, karani wa forodha bandarini, na mkewe Benedicta. Walikuwa Wahaya wa Bukoba, Wakatoliki, watu wa kuvaa viatu hata siku isiyokuwa Jumapili. Kule kwao walikwisha kuzika watoto wawili, kwa hiyo huyu aliyebaki walimtunza kama mboni ya jicho. Alikuwa na miaka tisa alipoanza kukonda. Alikunywa maji mpaka mtungi ukakauka, akawa anakojoa kitandani, msichana mkubwa vile, na kila alichokula hakikumkaa mwilini. Majirani wakasema ni kijicho. Theonest hakutaka kusikia habari za kijicho. Akampandisha basi, akampeleka hospitali mjini.

Daktari hakuwaficha. Aliwaambia ni ugonjwa wa sukari na hauponi. Kuna dawa ya sindano, na mtoto atachomwa kila siku ya maisha yake. Dawa inaishusha sukari ya damu, chakula kinaipandisha, na kazi ya mama ni kuhakikisha kimoja hakimzidi mwenzake. Kisha akasema jambo la pili, tena kwa mkazo uleule: siku mtoto akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi, akiongea kama mlevi, basi sukari imeshuka kupita kiasi. Hapo apewe kitu kitamu upesi, chochote kile, bila kumngoja mtu. Asipopewa atalala, na huenda asiamke.

Benedicta aliyashika yote mawili. Hakuwa mjinga hata kidogo, nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya. Kila alfajiri alichemsha bomba la sindano kwenye sufuria iliyokuwa ya kazi hiyo tu. Kichupa cha dawa alikihifadhi kwenye chungu kilichofukiwa katika mchanga uliolowa maji, maana joto la Temeke huiharibu dawa ile kama linavyoharibu maziwa. Kabla ya kumchoma mtoto alipima mkojo wake. Walikuwa wamempa hospitalini dawa ya maji ya rangi ya buluu. Unaitia katika kichupa chembamba cha kioo, unadondoshea mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, hamna sukari kwenye mkojo. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, mtoto yuko hatarini.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mara moja tu, wiki za mwanzo, Jovina alitetemeka kweli, jasho likamtoka, na Benedicta akamnywesha maji ya sukari. Kabla hajamaliza kusali Salamu Maria, mtoto alikuwa amekaa kitako akiulizia mdoli wake. Tatizo ni kwamba Jovina naye alikuwa na akili. Tangu siku ile, kila alipotamani kitu kitamu, alianza kutetemeka. Alitetemeka vizuri sana, akayumba, akalegeza ulimi. Benedicta alidanganyika mara mbili tatu, kisha akaona isiwe taabu: akaifungia sukari katika sanduku la nguo na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Nani angemlaumu Jovina? Alikuwa mtoto, mwenye njaa ya mtoto, amezungukwa na harufu za Temeke. Asubuhi Genoveva, mke wa kuli mmoja wa bandarini, mtu wa Mahenge, alikaanga vitumbua barazani kwake. Mchana Bi Zubeida alipika kaimati, na Ijumaa alisonga halua, uani kote kukanukia iliki. Jovina alikula maharage yaliyopimwa kwa kikombe na ugali wa kipande. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtaa mzima ulikuwa na shibe.

Basi mkojo ukaanza kuwa mwekundu. Benedicta alipima chakula upya, akapunguza ugali, lakini ulibaki mwekundu. Alikwenda kliniki, wakamuongezea dawa. Asubuhi zilizofuata rangi haikubadilika, wakaongeza tena, na tena. Mtoto alizidi kukonda huku sindano ikizidi kujaa. Benedicta alikuwa haongei na mtu. Usingizi ulimpotea, akawa anamwamkia Mungu kwa hasira.

Alikuja kuujua ukweli alipokuwa akifua. Mfuko wa gauni la shule la Jovina ulikuwa umegandamana, na ndani mlikuwa na kipande cha halua kilichoshikana na uzi. Alimwita mtoto. Hakumpiga. Alimuuliza tu, "Nani kakupa hii?"

"Bibi Zubeida."

"Na nani mwingine?"

Jovina akaanza kulia, akaanza kutaja. Alitaja peremende za Masoud na vitumbua vya Genoveva, akataja na milango ambayo Benedicta hakujua kama mwanawe anaifahamu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mtaa mzima ulikuwa ukimlisha mtoto kwa siri, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Benedicta alivuka uani mikono yake ikiwa bado na povu la sabuni. Bi Zubeida alikuwa ameketi kwenye mkeka na Genoveva wakichambua mchele. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye hina mikononi, anayecheka na kulia kwa urahisi uleule.

"Mnaniulia mtoto," Benedicta alisema. Hata salamu hakutoa.

"Astaghfirullah! Nani anakuulia mtoto?"

"Wewe, Bi Zubeida. Na wewe Genoveva. Na kaimati zenu."

Bi Zubeida akaweka ungo chini. "Mama Jovina, tuambiane kweli. Mtoto anakuja hapa kakondeana, mbavu unazihesabu. Ananiamkia, shikamoo bibi. Anasimama. Mie nimwambie nini, rudi kwenu? Sie hatukulelewa hivyo. Watu mtaani wanasema labda huyu si mwanao wa kumzaa."

"Nimemzaa mimi."

"Sasa mbona unamnyima?"

Maneno hayo yalimchoma Benedicta, lakini hakuyajibu kwa matusi, ingawa alikuwa nayo. Alifanya jambo ambalo Temeke hawakulitarajia. Kwao Bukoba mwanamke humpigia magoti mkubwa wake anapomsalimu, na hapa mjini alikuwa ameiacha desturi hiyo kwa sababu watu walimcheka. Siku ile alipiga magoti mchangani mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele. Aliwaeleza kila kitu: sindano, rangi za mkojo, watoto wawili aliowazika. Aliwaambia kila kaimati ilikuwa inamsogeza Jovina karibu na ndugu zake.

Genoveva alilia kwanza. Bi Zubeida akafuata, tena kwa sauti, akijipiga kifua.

"Mie nimemla mjukuu wangu mwenyewe," alisema. "Mama Jovina, inuka. Inuka, mwanangu, magoti ni ya Mungu. Wallahi wabillahi watallahi, kuanzia leo mkono wangu hautampa kitu. Hata alie damu. Na Masoud nitamwapisha mbele ya Msahafu."

Genoveva aliitoa rozari yake, akaibusu, akaapa naye. "Hata akija na ujanja wake, dada," alisema. "Kile kitoto kina ujanja, mie nakijua. Siku moja kalia kwangu tumbo, kumbe kitumbua."

Wakacheka kidogo katikati ya machozi. Na hapo ndipo, katika kile kicheko, Benedicta alikumbuka lile jambo la pili la daktari. Alifungua kinywa aliseme: kwamba kuna siku mtoto akitetemeka kweli, sukari ndiyo dawa yake. Akaitazama mikono ya Bi Zubeida, ile mikono ya kutoa. Akawaza kwamba akiwaambia watu hawa ipo siku sukari inaruhusiwa, basi kila siku itakuwa ndiyo siku hiyo. Jovina atatetemeka kwenye kila mlango, na kila mlango utafunguka. Kiapo kizima ni bora kuliko kiapo chenye tundu, ndivyo alivyoona. Akafunga kinywa.

Asikudanganye mtu kwamba wewe ungesema. Siku ile, mbele ya wanawake wale, na mkojo mwekundu wiki baada ya wiki, ungenyamaza.

Kiapo kilishikwa, tena kwa bidii kama ya saumu. Mtaa wote uliambiwa. Masoud alimpimia Jovina chumvi akaangalia pembeni asiyaone macho yake. Genoveva akahamisha karai lake la vitumbua upande wa pili wa nyumba. Na mkojo, uliokuwa mwekundu, ukawa manjano, kisha kijani, kisha asubuhi moja Benedicta alichemsha dawa ikabaki buluu tupu kama ilivyotoka hospitali. Alikishika kile kichupa akakipeleka chumbani kumwamsha mumewe.

"Theonest, tazama!"

Theonest aliamka, akavaa miwani, akatazama. Mwanamume yule mkimya akamkumbatia mkewe mlango ukiwa wazi.

Kesho yake buluu. Keshokutwa buluu. Benedicta alifurahi na kila buluu, na hakuna aliyemwambia kwamba buluu ina upungufu wake: inasema sukari haipo kwenye mkojo, lakini haisemi iliyobaki kwenye damu ni kiasi gani. Dawa ile nyingi ilikuwa imepimwa kwa ajili ya mtoto anayelishwa na mtaa mzima. Sasa mtaa ulikuwa umefunga mikono, na sindano ilikuwa bado imejaa vilevile. Siku ya kliniki ilikuwa juma lililofuata, na Benedicta aliona fahari kungoja awapelekee habari njema. Jovina alikuwa mzito, anasinzia darasani, ananuna bila sababu. Mama yake alidhani anawanunia kwa ajili ya halua.

Jumamosi kukaja habari ya msiba. Mke wa ndugu wa ukoo wa Theonest amefariki Kinondoni. Theonest alikuwa kazini, angepitia hukohuko. Kwa Mhaya wa mjini, kukosa msiba wa ukoo ni kujitangazia kwamba na wewe ukifa uzikwe na manispaa. Ilimbidi Benedicta aende. Kumchukua mtoto hakutaka, kwa kuwa msibani kuna wali na chai ya sukari na shangazi wasiojua kiapo chochote. Alimchoma sindano, akampa uji, akaacha chakula cha mchana kimefunikwa kwa kawa.

"Genoveva, nitazamie mwanangu," alisema akipita. "Chakula chake kipo. Asipewe kingine chochote mpaka nirudi."

"Nenda, dada. Kwangu hapati hata punje."

Jovina alikila kile chakula kabla ya saa zake, maana njaa ilikuwa inamuuma kuliko siku zote. Kisha akaenda kucheza rede na wenzake juani, akikimbia na kukwepa mpira. Huko Kinondoni padri alichelewa, na mazishi yakangoja padri, na Benedicta akangoja mazishi.

Jua lilipoanza kuinama Jovina aliuacha mchezo. Alikwenda kwanza nyumbani, akalivuta sanduku, likakataa. Akaenda kwa Genoveva.

"Mama mdogo, nipe sukari."

Genoveva aligeuka. Mtoto alikuwa anatetemeka.

"Umeanza," alisema.

"Kweli, mama mdogo. Mama alinipaga nikiwa hivi. Nikitetemeka ananipa."

"Alikupaga ulipokuwa unamdanganya. Sasa amekushtukia. Jovina, mwanangu, usinitie majaribuni. Nimeapa na rozari."

"Kidogo tu."

Genoveva aliingia ndani akafunga mlango. Alisimama nyuma yake akilia, na nje aliisikia miguu ya mtoto ikiburuzika mchangani kuelekea nyumba nyingine. Alimshukuru Mungu kwa kumpa nguvu.

Bi Zubeida alimuona anakuja akiyumba. Gauni lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Hakumwamkia. Alisema neno ambalo Bi Zubeida hakulielewa, ulimi ulikuwa mzito, kisha akasema vizuri, "Bibi, nipe."

Mezani, chini ya kitambaa, zilikuwapo kaimati za jioni, bado zina moto.

"Mjukuu wangu," Bi Zubeida alisema, machozi yakimtoka kama mtu anayekatiwa kitunguu puani, "ungeniomba roho ningekupa. Hili siwezi. Nimemwapia mama yako."

Alimchukua akamlaza kwenye mkeka, kichwa chake pajani. Alimpa maji ya mtungi, maji matupu. Alimpepea kwa ukingo wa buibui na kumsomea Kul huwallahu. Mtoto alitapatapa kidogo, akapiga teke, na Bi Zubeida akamshika akimbembeleza kwamba njaa ni shetani tu, itapita. Ikapita. Jovina akatulia, akaanza kukoroma. Bi Zubeida hakusogeza hata mguu wake uliokufa ganzi, asije akamwamsha.

Hivyo ndivyo Benedicta alivyowakuta magharibi ilipokaribia.

"Shhh," alisema Bi Zubeida akitabasamu. "Kalala. Mama Jovina, leo kanijaribu, kanijaribu! Kaja anatetemeka, jasho chapachapa, anaongea kama mlevi. Na sikumpa. Mie na huruma yangu hii, sikumpa!"

Benedicta aliruka juu ya mkeka akazivamia kaimati mezani, akabana moja mpaka shira ikamchuruzika vidoleni, akaupaka ufizi wa mtoto, akampaka ulimi, akampanua taya na kumpaka tena. Bi Zubeida alipiga ukelele kwamba mama amepandwa na wazimu, anamlisha mtoto sumu kwa mikono yake. Alimvuta kanga. Benedicta alimsukuma akaanguka.

Masoud aliwapakia kwenye lori lake la kuletea bidhaa. Hospitali walimtia Jovina maji ya sukari kwenye mshipa. Hakuamka usiku ule, wala kesho yake, na Jumatatu asubuhi pumzi ikakatika. Theonest aliyekuwa amemshika mguu aliendelea kuushika mpaka walipomwomba auachie.

Walimzika. Mtaa wote ulikuja, Waislamu kwa Wakristo, hakuna aliyepika kitu kitamu nyumbani kwake. Theonest alikaa nje na wanaume, hakumuuliza mkewe lolote, na kwa Benedicta huko kutouliza kulikuwa kuzito kuliko kuulizwa.

Matanga yalipokuwa yanakwisha, Bi Zubeida alihamia karibu na Benedicta ukumbini. Macho yalikuwa yamemvimba. Aliinama akamnong'oneza, ingawa mnong'ono wa Bi Zubeida ulifika hadi ukutani.

"Mwanangu, kuna kitu kinaniwasha. Mie sikumpa, Mungu shahidi. Masoud hakumpa, nimemwapisha tena. Basi kuna aliyempa, kabla hata wewe hujarudi. Mtoto hafi hivihivi." Akamtupia jicho Genoveva aliyekuwa ameketi mlangoni na kichwa chake chini. "Kabla ya kuja kwangu alitokea kwake. Na yule ndiye mwenye vitumbua. Nimeamua, simsemeshi tena mpaka naingia kaburini."

Genoveva alisikia. Aliinua uso. "Sikumpa," alisema. "Dada, nilimfungia mlango. Naapa kwa mwanao aliyelala kaburini, nilimfungia mlango."

Wanawake wote walimtazama Benedicta. Angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na pengine ingetosha. Watu wengi huondoka duniani kwa maneno hayo na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini Genoveva alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja kuhukumiwa, na Benedicta alishindwa kumbebesha mzigo usio wake.

"Hakuna aliyempa, Bi Zubeida," alisema. "Ndiyo maana amekufa."

Akawaeleza lile jambo la pili. Alilieleza polepole kama alivyoelezwa na daktari, kutetemeka, jasho, ulimi mzito, kitu kitamu chochote kile, upesi. Akawaeleza na kwa nini hakuwaambia siku ile alipopiga magoti. Alipomaliza hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja pembeni alivuta kanga akajifunika uso.

Bi Zubeida alijishika paja.

"Alikuwa hapa," alisema. "Na kaimati zilikuwa pale. Kama ningempa..."

"Ndiyo, mama."

"Hata moja?"

"Hata nusu," Benedicta alisema.